Jiwe langu la kwatzi lina gramu ngapi za dhahabu?

SWALI: Habari yako mtaalamu. Tunachimba Ikolomani, Kakamega. Wiki iliyopita tulipata jiwe jeupe la kwatzi, ukubwa wa ngumi, na upande mmoja dhahabu inaonekana kwa macho. Kwenye mizani ni gramu 412. Dalali aliligeuza mara mbili akasema halizidi gramu tatu. Mwenzangu anasema ni ishirini, kwa sababu jiwe ni zito mkononi. Kuna njia ya kujua kilichomo kabla hatujalivunja? – Msomaji, Ikolomani

JIBU: Njia ipo, ndugu yangu, na haihitaji kemikali yoyote: mizani, uzi na maji vinatosha. Ila kwa jiwe kama lako itakupa kiwango cha chini na cha juu, si namba moja ya kuapia.

Sentimita moja ya ujazo ya kwatzi ina gramu 2.65. Dhahabu safi ina 19.3, lakini dhahabu ya mwambani huwa imechanganyika na fedha, kwa hiyo hapa tutumie 17.5. Jiwe likizama majini, uzito wake hupungua kwa kadiri ya maji liliyoyasukuma, na gramu moja ya maji ni kama sentimita moja ya ujazo. Ukishajua ujazo unajua jiwe lingekuwa na uzito gani kama lingekuwa kwatzi tupu. Kinachozidi hapo kimetoka kwa kitu kizito kuliko kwatzi, na wewe unaomba kiwe dhahabu.

Tafuta mizani ya kilo 2 inayosoma gramu 0.1. Ile ya jikoni inayoruka gramu nzima nzima iache. Kosa la gramu moja kwenye kipimo cha majini ni kosa la gramu tatu hivi za dhahabu, na hilo peke yake linatosha kumpa ushindi dalali au mwenzako bila sababu. Kabla ya kuanza, pima kitu unachokijua: shilingi mpya, betri, chochote ambacho umekipima kwenye mizani nyingine unayoiamini.

Sugua jiwe kwa mswaki na sabuni hadi matope yote ya kwenye nyufa yatoke. Lianike juani siku nzima, kisha lipime likiwa kavu. Andika. Halafu lichemshe dakika kumi na uliache lipoe ndani ya maji hayohayo hadi kesho yake, ili hewa iliyojificha kwenye vitundu itoke. Mapovu ndiyo adui mkubwa wa kipimo hiki: povu la ukubwa wa harage huficha karibu gramu moja ya dhahabu au zaidi. Tone la sabuni ya vyombo ndani ya maji husaidia yasinate.

Sasa weka juu ya mizani kopo jepesi la plastiki, kama la aiskrimu, lenye maji ya kutosha kufunika jiwe. Lifunge jiwe kwa uzi mwembamba wa kuvulia samaki na ulitundike kwenye kijiti kilichoegemezwa kwenye meza au viti viwili, si kwenye mizani. Lizame lote bila kugusa chini wala ukuta wa kopo. Bonyeza kitufe cha TARE ili mizani isome sifuri. Kisha teremsha kijiti polepole mpaka jiwe lilale chini na uzi ulegee. Namba itakayotokea ndiyo uzito wa jiwe majini. Wengi hupima kwa kutumbukiza jiwe na kusoma maji yaliyoongezeka, nayo si vibaya, lakini jiwe lenye vitundu huingia na maji yake na kuharibu hesabu. Kwa njia hii ya kulaza, maji yaliyomo ndani ya jiwe hayahesabiwi. Rudia mara tano. Masomo yakipishana zaidi ya gramu 0.3, kuna povu au jiwe linagusa mahali.

Tuseme jiwe lako limesoma gramu 260.7 majini. 412.0 toa 260.7 ni 151.3, huo ndio ujazo. Zidisha kwa 2.65 upate 400.9, yaani uzito wa kwatzi tupu ya ukubwa huo. Ziada ni 11.1. Zidisha kwa 1.18 (yaani 17.5 gawa kwa 14.85, ambayo ni 17.5 toa 2.65), kwa kuwa dhahabu nayo imechukua nafasi ya kwatzi, na jibu ni gramu 13.1. Wengi huishia hapo, wakapandisha bei, na hapo ndipo wanapopotea.

Ile 2.65 ni ya kwatzi safi ya kitabuni. Mshipa wenu, au rifu kama mnavyoiita mashimoni, una kutu ya chuma, vipande vya mwamba wa kijani, pengine na kalsaiti, yaani madini ya chokaa. Tena maji ya nyuzi 25 ni mepesi kidogo kuliko gramu moja kwa sentimita, na upungufu huo mdogo, asilimia 0.3 tu, huhamisha jibu lako kwa zaidi ya gramu moja. Dawa ya yote mawili ni moja: chukua mawe matano au sita ya mshipa uleule yasiyo na dhahabu, yenye rangi na kutu kama ya lako, na uyapime kwa maji hayohayo. Jiwe tupu lenye gramu 300.0 kavu na 187.6 majini lina ujazo wa 112.4, na 300.0 gawa kwa 112.4 ni 2.67. Tumia hiyo mahali pa 2.65: 151.3 mara 2.67 ni 404.0, ziada inakuwa 8.0, na dhahabu imeshuka hadi gramu 9.4. Mabadiliko ya 0.02 tu yamekula gramu tatu u nusu.

Na mawe tupu hayatakupa namba moja. Yakianguka kati ya 2.66 na 2.69, jiwe lako lina kati ya gramu 5.9 na 11.3, kwa lugha ya madalali, pointi 59 hadi 113, maana pointi moja ni sehemu ya kumi ya gramu. Kwa namba hizi za mfano, dalali wa gramu tatu amekupunja na mwenzako wa ishirini anaota. Kwa kawaida kipimo hiki hutulia pale dhahabu inapokuwa kama sehemu ya kumi ya uzito wa jiwe au zaidi. Jiwe la gramu 412 lenye dhahabu gramu 60 likikosewa kwa gramu tatu, si neno. Jiwe lenye gramu mbili, maji hayawezi kulitofautisha na jiwe tupu.

Kuna kitu kingine kizito cha kuogopa zaidi ya kutu, nacho ni pairaiti, ile dhahabu ya wajinga. Sentimita moja ya ujazo yake ina gramu 5.0. Gramu 10 za pairaiti zilizojificha ndani ya kwatzi zitahesabiwa kama gramu 5.5 za dhahabu. Ziada yote ya 8.0 kwenye mfano wetu ingeweza kutoka kwa gramu 17 za pairaiti, ujazo usiojaza kijiko cha chai. Arsenopairaiti, ya kijivu, na galena, ambayo ni madini yenye risasi (ledi), ni nzito zaidi ya hapo. Upande wa Macalder, Migori, ambako shaba na dhahabu zilichimbwa pamoja, ningekishuku kipimo hiki mpaka nione jiwe limevunjwa.

Kwa hiyo chukua lensi ya kukuza mara kumi. Punje ya manjano ichome kwa sindano: dhahabu hubonyea na kubaki na alama, pairaiti hukatika au kuruka, maika, yale madini ya vigamba vinavyong'aa, huchubuka kama karatasi. Isogeze kivulini: dhahabu hubaki na rangi yake, pairaiti humetameta pembe moja na kuzima nyingine. Ukiwa na punje iliyodondoka, isugue nyuma ya kigae cha sakafu, upande usiong'aa. Mstari wa manjano ni dhahabu. Mstari mweusi wenye ukijani ni pairaiti.

Kisha jiulize kwa jicho. Gramu 9.4 za dhahabu, zikikusanywa pamoja, ni mchemraba wenye upande wa milimita 8, karibu punje nene ya mahindi. Je, unachokiona usoni mwa jiwe, na kinachoweza kuendelea ndani kwenye nyufa hizohizo, kinaelekea kufika hapo? Kama unaona unga wa manjano tu mahali pawili, na maji yanadai gramu tisa, maji yameona chuma.

Usichukue jibu hili ukalifanya la mshipa mzima. Gramu 9.4 kwenye gramu 412 ni zaidi ya gramu 22,000 kwa tani, namba ambayo hakuna mgodi unaoendeshwa nayo. Mmeokota jiwe zuri, basi. Kujua mshipa, kata sampuli kuvuka upana wake wote, pasipo kuchagua, kilo 5 kwa kila mahali, saga na uoshe kwenye karai. Pointi moja kutoka kilo 5 ni gramu 20 kwa tani, na hiyo ni chini ya kilichomo kwa sababu karai halikamati dhahabu iliyofungwa ndani ya pairaiti. Kuijua hiyo, sampuli hupelekwa maabara kwa kipimo cha moto, yaani kuyeyushwa ili dhahabu yote itoke. Kwa dhahabu ya chembe kubwa waombe wachekeche kwanza, maana kijisampuli cha gramu 30 au 50 kinaweza kukutana na chembe moja au kuzikosa zote.

Kuhusu kulivunja, ngojeni. Jiwe lenye dhahabu inayoonekana vizuri juu ya kwatzi nyeupe wakusanyaji huweza kulilipia zaidi ya uzito wa dhahabu yake, na likishapondwa hakuna wa kulirudisha. Piga picha kando ya rula, onyesha mfanyabiashara mwenye leseni chini ya Sheria ya Madini ya 2016, na mpatie namba mbili za mizani, kavu na majini, ajihesabie mwenyewe.

Mkiamua kuvunja, lifungeni kwenye kitambaa kizito kabla ya nyundo ili chembe zisiruke, mmalizie kwenye kinu cha chuma jiwe likiwa na maji, kwani vumbi la kwatzi huua mapafu. Zebaki haihitajiki kwa jiwe moja: karai na subira vinatosha. Mchanga utakaobaki uwekeni kwenye gunia lake, lenye alama. Mkipata gramu nne pale maji yaliposema kati ya sita na kumi na moja, zilizosalia ama zimo humo, ama zilikuwa pairaiti tangu mwanzo, na kuosha mara ya pili kutaonyesha ni ipi.