Bati Umeahidi Wewe, Mbuzi Kauzwa wa Mkeo

*Shikamoo Shangazi. Mimi ni mwanamume wa miaka 52, mkulima wa tumbaku hapa Urambo, na ni mzee wa kanisa katika usharika wetu. Mke wangu amepoteza moyo wa shukrani. Mwaka huu Mungu alitubariki, tumbaku yetu ikapata madaraja mazuri, na siku ya sikukuu ya mavuno nikasimama nikaahidi bati 40 za kuezekea kanisa jipya. Watu walipiga vigelegele hadi nje. Yeye alikaa kimya kama aliyefiwa. Malipo yalipotoka, baada ya makato hayakufika nilivyotarajia, nikamwambia tujibane nyumbani ili tulipe deni la Mungu. Akakataa. Niliuza mbuzi wawili wa nyumbani nikaanza kununua bati. Tangu hapo ananinunia, anadai mbuzi walikuwa wake, wa fedha za kikoba. Mtunza hazina alipokuja kukumbushia ahadi, mke wangu akamjibu mlangoni, "Mimi sikuahidi kitu." Nimeaibika sana. Hata mama yangu mzazi, ambaye tunaishi naye, anamtetea. Nafikiria kumfikisha kwenye baraza la wazee. Nifanye nini ili ajifunze uwakili?*

*Mwenye Shukrani, Urambo, Tabora*

Marahaba, baba. Pole kwa aibu ya mlangoni. Mwanamume wa rika lako kudaiwa huku mkewe anatazama si jambo dogo. Pole yangu inaishia hapo.

Nimeisoma barua yako polepole, hasa pale ulipopita haraka. Vigelegele umevipa sentensi yake nzima, mpaka tukajua vilifika nje. Mbuzi umewaita "wa nyumbani", ukaondoka. Baadaye ndipo unatuambia mkeo "anadai" walikuwa wake. Baba, unaishi na mwanamke huyo nyumba moja, unakula ugali wake, halafu hujui mbuzi waliofungwa uani walinunuliwa na nani? Kikoba kina daftari. Kina siku ya kugawana, na wanawake wenzake walimwona akipokea fedha yake. Ungekuwa na hakika kuwa mbuzi ni wako ungeandika "anadanganya". Umeandika "anadai" kwa sababu unajua.

Halafu kuna huyo mama yako mzazi. Umemtaja mwishoni, kwa neno "hata", kana kwamba naye amepotoka. Mimi nimekaa na barua za wakwe na wakaza wana muda mrefu. Mama mkwe akisimama upande wa mke wa mwanawe dhidi ya mtoto aliyemzaa kwa uchungu, sihitaji shahidi mwingine. Nani anampikia uji mama huyo? Nani anampeleka zahanati? Hukusema, nami sikutegemea useme.

Sasa tuje kwenye tumbaku, maana ndiko bati zako zilikotoka. Ninyi wa Urambo, Kaliua na Sikonge mnaijua kazi hii. Wasomaji wa mbali wacha niwaeleze. Kitalu kinaanza kumwagiliwa kiangazi, kabla hata wingu halijaonekana. Mvua zikija ni kuhamisha miche, kupalilia, kuondoa vikonyo. Kisha jani linachumwa, linafungwa kwenye vijiti, linaingizwa kwenye bani, yaani banda la kukaushia, na moto wa bani haulali: mtu lazima aamke usiku kuchochea kuni na kuangalia joto, ukizidi umeunguza mwaka mzima. Baada ya hapo kuna kupanga madaraja, jani kwa jani, mikono inanata na kichwa kinauma kwa harufu. Hayo "madaraja mazuri" uliyomshukuru Mungu kwayo yalipangwa na vidole vya nani? Siku ya soko jina kwenye chama cha msingi cha ushirika ni lako. Akaunti ya benki ni yako. Na kipaza sauti cha kanisani kikashikwa na wewe.

Nimfundishe uwakili mwanamke huyo? Wakili ni mtu anayetunza mali aliyokabidhiwa na mwenyewe na kutoa hesabu. Katika nyumba yenu nimemwona mmoja tu anayefanya hivyo, na si wewe.

Mnapenda kunukuu Mhubiri 5, kwamba ukiweka nadhiri usikawie kuiondoa. Sawa, ahadi ni deni. Lakini fungua pia 2 Samweli 24. Mfalme Daudi alitaka kujenga madhabahu kwenye uwanja wa kupuria wa Arauna, na Arauna akamwambia achukue vyote bure, uwanja, ng'ombe na kuni. Daudi akakataa. Akasema hawezi kumtolea Mungu sadaka isiyomgharimu kitu, akalipa shekeli 50 za fedha. Yule alikuwa mfalme, angeweza kuchukua, na mwenye mali mwenyewe alikuwa ameridhia! Wewe mwenye mbuzi hakuridhia, na gharama hukuilipa wewe. Yule mjane wa Marko 12 alisifiwa kwa senti mbili kwa kuwa ndizo zote alizokuwa nazo, na zilikuwa zake. Hata Anania na Safira, waliodanganya kuhusu sadaka yao na ambao hatuwaigi kwa lolote, angalau walishauriana mume na mke.

Nina jambo lingine la hesabu. Uliahidi mwezi wa mavuno, kabla ya malipo. Maana yake ulipiga hesabu ya kilo na bei, ukasahau mbolea, mbegu na dawa ulizokopeshwa, ambazo hukatwa kabla hujashika shilingi. Mkulima wa tumbaku wa miaka 52 anasahau makato? Hukusahau. Uliona mwenzako ameahidi bati 20, ukasimama. Hilo nalikisia tu, ukinikanusha nitakubali, lakini nadhani hutaandika kunikanusha. Kuna watu huniuliza kama zaka itolewe kabla ya makato au baada. Mimi si mchungaji, ila mkopo wa pembejeo haujawahi kuwa mapato yako. Ulikuwa ni mali ya watu iliyokaa shambani kwako kwa msimu mmoja. Kinachobaki ndicho mavuno, na hicho kikae mezani kwanza mbele ya watu wawili, si mmoja.

Naomba na makanisa yenyewe yanisikie. Sikukuu ya mavuno ni nzuri. Naipenda kuliko hata Krismasi: maboga, karanga, debe la mahindi, madumu ya asali, jogoo aliyefungwa miguu akiwika katikati ya maombi, na ule mnada wa baada ya ibada ambapo boga moja linauzwa mara tatu kwa sababu kila anayelinunua analirudisha. Hapo watu wanacheka na wanatoa kwa furaha. Paulo aliwaambia Wakorintho kila mtu atoe alivyokusudia moyoni, si kwa huzuni wala si kwa lazima. Lakini tukianza kuwasimamisha watu mmoja mmoja, kuwatajia viwango, kusoma orodha ya waliomaliza na wasiomaliza, tunawafundisha kumshukuru jirani badala ya Mungu. Wanaume ndio wanaokamatwa zaidi na mtego huo. Hapo Urambo wamisionari wa Moravian walipokea kituo cha misheni mwaka 1898, na watu wameabudu chini ya nyasi, chini ya miembe na chini ya bati za kila aina. Kanisa halingekufa wewe ungeahidi bati kumi.

Na ndoa za siku hizi, jamani. Mume ana namba ya siri ya simu, mke ana namba ya siri ya kikoba. Hakuna anayejua mwenzake amebakiwa na nini, ila Jumapili wanavaa kitenge cha sare na kukaa benchi moja. Wazee wetu walikuwa na makosa yao mengi, wala sitaki kuwapamba, lakini ghala lilikuwa moja na kila mtu aliona limefika wapi. Mali bila daftari huisha bila habari. Mkeo kununa si kiburi. Amechoka kusikia habari za nyumba yake kwenye kipaza sauti.

Kwa kuwa unapenda mabaraza, nikukumbushe na ya serikali. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 haisemi kwamba mwanamke akiolewa mbuzi wake wanakuwa wa mume. Na mwaka 1983 Mahakama ya Rufani, katika kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, ilikubali kuwa kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali ya ndoa. Kama kupika na kulea ni mchango, kuchochea bani usiku ni nini? Sikutishi. Nataka tu ujue kwamba kesi unayotaka kuifungua inaweza kukugeukia.

Fanya hivi. Kabla ya bati, mbuzi. Mathayo 5 inasema ukiwa umeleta sadaka madhabahuni ukakumbuka ndugu yako ana neno juu yako, iache hapo, nenda mpatane kwanza. Nenda mnadani ununue mbuzi wawili wasiopungua wale wa kwanza, uwafunge palepale uani, na umwambie mkeo maneno haya bila mapambo: "Niliuza vyako bila kukuuliza. Nimekosa." Usimchanganyie na Maandiko. Mama yako awepo asikie.

Kisha kaeni na daftari. Andikeni kilichobaki, ada, chakula hadi msimu ujao, dawa za mama, akiba ya kuanzia kitalu, na fungu la Mungu mtakalokubaliana wote. Huenda mkeo akataja fungu kubwa kuliko unavyomdhania. Wanawake wanaobana nyumbani mara nyingi ndio hao wanaopeleka unga kwa wagonjwa bila mtu kujua. Baada ya hapo nenda kwa mtunza hazina, si mlangoni kwako bali ofisini kwake, umwambie bati ulizokwisha kununua ni hizo, nyingine zitakuja msimu kwa msimu. Hutakuwa wa kwanza kumwambia hivyo, naye anajua tumbaku.

Baraza la wazee uliache. Wewe ni mjumbe wake, utakuwa mshtaki na hakimu kwenye kiti kimoja. Ukiona lazima mtu wa tatu aingie, mwombe mchungaji awaite wote wawili, na mkeo ndiye aanze kusema.