Mbuzi wa Mfugaji na Maswali ya Watoto wa Chekechea

SWALI: Mimi ni mwalimu wa chekechea huku Langoni, mjini Lamu, na wanafunzi wangu wana miaka 4 na 5. Punda wanamjua, kwani hupishana naye vichochoroni kila siku, lakini ng'ombe wengi wao wamemwona pichani tu na huamini kwamba maziwa hutengenezwa dukani. Mmoja ameniuliza kwa nini mfugaji humlisha mbuzi vizuri kisha akamchinja. Nianzie wapi, na je, habari ya kuchinja niifiche?
Mwalimu, Langoni

JIBU: Mwalimu, anza na huyo punda, uziache kwanza zile chati za ukutani zenye mazizi ya Ulaya. Waulize watoto amebeba nini, nao watakutajia mchanga, mawe na saruji. Hapo watakuwa wamekwisha kuelewa kwamba mnyama hufugwa kwa ajili ya kazi anayoifanya au kitu anachokitoa, na kwamba mfugaji naye anadaiwa majani, maji na kivuli. Kuku hana ugumu, kwa sababu mayai wanayaona nyumbani.

Maziwa ndiyo yanayotaka muda. Waeleze kwamba ng'ombe hapati maziwa mpaka azae, kwamba hubeba mimba kwa miezi 9 hivi, na kwamba maziwa yale kwanza ni ya ndama, ndiyo maana wafugaji wengi wa ng'ombe wa kienyeji humwacha ndama anyonye kidogo kabla ya kukamua. Kisha jaza maji katika glavu ya mpira, uifunge vizuri, utoboe ncha za vidole kwa sindano, na kila mtoto akamue: kidole gumba na cha shahada hubana juu, vingine vikifuata kushuka chini kimoja kimoja. Anayevuta tu ataona maji hayatoki sawasawa, nawe umweleze kwamba ng'ombe angeumia. Siku nyingine watazame mbuzi aliyelala kivulini akicheua. Wakiangalia shingo yake kwa makini wataona tonge likipanda kutoka tumboni.

Habari ya kuchinja usiifiche. Wengi wao wameshuhudia Idd el-Hajj, na ukiwaambia kwamba mbuzi amesafiri, watakukamata siku hiyo hiyo. Sema kwa ufupi kwamba mbuzi huyu amefugwa ili watu wapate nyama, na kwamba kulishwa vizuri ni haki yake maadamu yu hai; ndiyo maana hata kisu hunolewa mbali na macho yake. Akiuliza mtoto mbona punda haliwi, mjibu kwamba dini imekataza nyama yake. Usieleze zaidi ya alichouliza, ila mbuzi mtakayemzoea darasani asiwe yule aliyetengwa kwa sikukuu.

Mkienda kuwatazama wanyama, watoto wasipite nyuma ya punda, na wakirudi wanawe mikono kwa sabuni kabla ya kula chochote.