Simu Inayozunguka Kati ya PBX Mbili

Msomaji mmoja wa Mombasa Road ameniandikia: "Injinia, tumeunganisha PBX mbili (mitambo ya simu za ndani ya ofisi) za makampuni tofauti. Tukipiga tawini zinaita, lakini wao wakitupigia hazifiki. Fundi wao anasema kwao kuko sawa. Nianzie wapi?"

Hilo neno la "kwetu kuko sawa" nimelisikia hadi nikalichoka. Kila fundi hulinda boma lake, na simu inafia njiani bila mwenyewe. Anza na tarakimu. Usiniambie mtu alibonyeza nini, niambie ni tarakimu zipi zilizofika upande wa pili. Mfumo mmoja hukata ile 8 au 9 ya mbele, ya kuombea njia, kabla ya kupitisha simu, mwingine unaingoja. Mmoja unatuma 254, mwingine unataka 0. Hapo ndipo simu nyingi hufia.

Nikupe kisa kimoja ndiyo unielewe. Wauza vipuri fulani wana ofisi Westlands na ghala Industrial Area. Westlands walikuwa na mfumo wa zamani wa leseni wenye E1, yaani mazungumzo 30 ya nje kwa wakati mmoja. Ghalani kulikuwa na Asterisk, programu ya PBX isiyo na malipo, iliyowekwa na fundi aliyekuwa ameshahama nchi. Tranki ya SIP, yaani njia ya kupitisha simu kwa mtandao wa data, iliunganisha pande mbili. Namba za ndani za Westlands zilianza na 2, za ghala na 3, na ghala likitaka kupiga nje lilipitia Westlands.

Shida yao ilikuwa moja: mara kwa mara, hasa baada ya chakula cha mchana, ghala lilishindwa kupiga popote. Dakika chache tu, kisha mambo yanarudi sawa kabla fundi hajafika. Kampuni iliyohudumia mfumo wa Westlands ilishaandika ripoti mbili. Ya kwanza ililaumu "programu ya bure" ya ghalani. Ya pili ilishauri wanunue laini zaidi.

Nilipoitwa, meneja aliniuliza kwanza bei, kisha kama nina cheti cha ule mfumo wa Westlands. Sikuwa nacho. Nikaomba niketi ghalani na kompyuta yangu, na mtu wa Westlands anisomee hali ya E1 kila nitakapompigia kwa simu ya mkononi.

Ghala lilipokwama, laini za nje za Westlands zilikuwa karibu zote tupu. Kwa hivyo hadithi ya kununua laini ilikwisha hapo hapo. Lakini tranki ya kati ilikuwa imejaa pomoni. Nikaandika "core show channels", amri ya Asterisk ya kuonyesha simu zilizo hewani, na skrini ikajaa namba ya mteja mmoja, ile ile, juu hadi chini, yote ikielekea 3127.

3127 alikuwa nani? Mtunza ghala aliyeacha kazi. Namba yake ilifutwa ghalani, ila hakuna aliyekumbuka kwamba sauti ya Westlands inayosema "kwa ghala, bonyeza 4" ilipeleka watu kwake. Mteja akibonyeza 4, Westlands inaona 3127, inasema hiyo ni ya ghala, inaituma. Asterisk haimjui 3127, na kanuni yake ya mwisho, "_X.", inasema kila usichokijua peleka Westlands. Westlands inairudisha. Kila mzunguko unakula nafasi mpya kwenye tranki. SIP ina kinga, Max-Forwards, ambayo kwa kawaida huanzia 70 na kupungua kila hatua, lakini PBX nyingi huanzisha simu mpya upande wa pili na hesabu inarudi mwanzo. Mteja akichoka na kukata, mzunguko wote unaporomoka, na fundi akifika anakuta pametulia.

Tiba ilikuwa kuitenga njia ya simu zinazoingia kutoka kwenye tranki: ziruhusiwe "_3XXX" iliyopo tu, yaani tarakimu nne zinazoanza na 3, nyingine zikataliwe pale pale kwa 404, jibu la "namba haipo". Halafu ile 4 ikaelekezwa kwa mtu aliye hai kazini. Meneja akatazama akasema, "Kumbe ni mistari miwili tu?" Malipo yangu yalikaa miezi. Ile kampuni ya ripoti mbili bado ina mkataba, na nasikia huwaeleza watu kwamba waliimaliza wao. Sawa tu. Logi ninazo.

Sasa vijana, sikilizeni. Mnapenda sana kuwasha upya mashine. Ukiwasha upya umefuta ushahidi, na kesho shida itarudi bila wewe kujua lolote. Nakili mpangilio kabla ya kugusa. Na acheni kudharau mfumo wa mwenzako kwa sababu haumo kwenye cheti chako. Njia pana ya "_X." kwenye tranki pia ni mlango wa wezi wa kupiga nje ya nchi kwa gharama ya mteja wako, kwa hivyo si uzembe mdogo.

Mengine kwa ufupi. Simu ikikatika kila mara kwenye sekunde ya 32, tafuta ACK iliyopotea, ule ujumbe wa kuthibitisha kwamba simu imepokelewa; mara nyingi ni NAT (ubadilishaji wa anwani) au SIP ALG ya ruta (kipengele kinachohariri ujumbe wa SIP). Sauti ikienda upande mmoja, angalia kama mfumo unatangaza anwani ya ndani ya 192.168. Kama namba za mkononi za 07 zinapita na 01 zinakataa, kuna mtu hajagusa kanuni zake tangu kabla ya 2019, zilipoingia 0110 na 0100.

Na wewe wa Mombasa Road: washa sngrep, programu ya kuonyesha ujumbe wa SIP, upande wako, mwambie mwenzako wa tawini apige mara moja. Isipoonekana INVITE yoyote, yaani ujumbe wa kuomba simu, ni fayawoli au bandari 5060 ya SIP, au simu haijatoka kwao kabisa. Ukiona 404, linganisha tarakimu. Ukiona 403, mfumo wako umeikataa, anza na anwani ya IP ya tranki. Ikiwa 488, kodeki, yaani njia za kubana sauti, hazijapatana. Nitumie picha ya INVITE hiyo, uzibe namba za wateja.