Dawa ya kifafa, na wewe huna kifafa

Juzi msomaji mmoja kaniandikia kwa hasira. Kila akipiga mswaki, shavu moja linapigwa na maumivu kama shoti ya umeme. Daktari kamwandikia kabamazepini, na karatasi ya maelezo inasema ni dawa ya kifafa. "Huyu daktari alinisikiliza kweli?"

Alikusikiliza, ndugu yangu. Nakuelewa, maana na mimi yalinikuta.

Nilipougua mkanda wa jeshi, vipele vilikauka lakini maumivu yakabaki mbavuni. Hata shati likinigusa nilishtuka. Nikaandikiwa amitriptilini miligramu 10, usiku. Dirishani mtoa dawa akasema kwa sauti, foleni nzima ikisikia: "Hii si ya wagonjwa wa akili?" Maneno yale yananiuma hadi leo. Nilirudi palepale kwa daktari nikamuuliza, na najivunia kwamba niliuliza.

Akanieleza. Amitriptilini huongeza kemikali ambazo mishipa ya fahamu hutumia kupelekeana taarifa. Ubongoni kemikali hizo zinagusa hisia. Kwenye uti wa mgongo zinapunguza ishara za maumivu zinazopanda kichwani. Kwa sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito, dozi huwa kubwa zaidi, mara nyingi miligramu 75 au zaidi. Baada ya wiki kadhaa nilivaa shati bila woga.

Dawa haijui jina la ugonjwa wako. Propranololi huzuia kazi ya adrenalini, basi huyu anaimeza kwa presha, yule kwa kipandauso, mwingine kwa mikono inayotetemeka. Mwenye pumu aseme mapema, kwani inaweza kumbana kifua. Methotreksati hutibu saratani na pia baridi yabisi, lakini wa baridi yabisi humeza mara moja tu kwa wiki. Akiimeza kila siku inaweza kumuua.

Kwa hiyo uliza, jamani. "Kwangu mimi hii ni ya nini?" Mwombe daktari aandike sababu kwenye cheti. Usione haya, mwili ni wako. Na usifuate dozi ya jirani hata kama kidonge ni kilekile.

Wewe msomaji wangu: kwenye kifafa, seli za ubongo hufyatua ishara ovyo. Mshipa wa fahamu wa uso wako nao unafyatua ovyo, na kabamazepini hutuliza huko kufyatuka. Usiiache ghafla bila kumwambia aliyekuandikia. Ila ukiona vipele, homa au vidonda mdomoni, usingoje tarehe ya kliniki. Nenda hospitali siku hiyohiyo.