Marafiki wa nyumbani wamenyamaza na uko Israel vitani? Yangu haya

Mdogo wangu umeuliza uwafute kwenye simu au uwaache, hao rafiki zako wa nyumbani ambao tangu vita ianze hawajakutumia hata pole. Mi nasoma kilimo hapa Rehovot, mji wa Israel, na hilo limenipata, ngoja nikwambie nilivyoliona.

Kuanzia Oktoba 2023 vita ilipoanza simu yangu haikupumzika, hasa habari za Clemence Mtenga na Joshua Mollel zilipofika nyumbani, Watanzania wenzetu waliokuja kujifunza kilimo kama sisi wakauawa kule karibu na Gaza. Kila mtu ananiuliza ulikuwa unawajua, unarudi lini. Baadaye ikapoa, na hapo sina lawama, vita imeenda miaka na mtu ana ada za watoto na kodi ya nyumba, hawezi kukuulizia kila king'ora kikilia.

Kilichoniuma ni Juni 2025, zile siku 12 za vita na Iran. Simu inapiga kelele kwanza kwamba makombora yanakuja, baada ya dakika kadhaa king'ora, na hapo uwe ushashuka miklat, yaani handaki la pamoja la kujikinga, maana majengo ya zamani hayana mamad, kile chumba cha zege cha kujificha humo humo ndani ya nyumba, wote tunakimbilia handaki moja la chini. Usiku wa kuamkia tarehe 15 ikapigwa taasisi ya utafiti wa sayansi ya Weizmann, mji huu huu, watoto wanalia, mi nimeshika simu nasubiri, na uwanja wa ndege wa Ben Gurion umefungwa kwa hiyo hata ukitaka kuondoka utapitia wapi? Nafungua status nakuta watu wako macho wanaposti! Wa kanisani kwetu wameweka bendera ya Israel na mstari wa Zaburi, wengine wa mtaani wameweka picha za Gaza, na wote wanajua niko huku, hakuna aliyeniuliza umelala wapi.

Nilikaa nalo sana hilo. Nionavyo mimi, kwa watu wengi nyumbani huku pameshakuwa upande tu wa kuunga au kupinga, wamesahau pana mtu wao. Wa kanisani anaona Mungu analinda taifa lake basi na mimi niko humo humo, yule mwingine anaogopa akinipa pole itakuwa kama ameisaliti Gaza. Na Gaza watu wamekufa kwa makumi elfu, hawana handaki la kukimbilia, sitaki mtu aache kuwalilia kwa sababu yangu. Lakini kule Tamra, mji wa Waarabu kaskazini, kombora la Iran liliua wanawake wanne wa familia moja, na handakini kwetu wanafunzi Waarabu tulibanana nao kwenye mkeka mmoja. Ukiwa mbali haya huyaoni.

Mi niliachana na lile grupu letu la WhatsApp la nyumbani, kwenye grupu kila mtu anadhani mwenzie atajibu. Nikamwandikia jamaa yangu mmoja wa Tanga, Mwislamu, tulisoma wote Morogoro, nikamwambia niko chini huku usingizi hauji, nipigie stori za Simba. Sikumuuliza kwa nini ulikuwa kimya. Akatuma voice note ndefu, akaniambia wazi moyo wake uko Gaza na haelewi nafanya nini huku, halafu akauliza nimekula nini. Aisee nililia. Tukawa tunaongea hivyo kila usiku mpaka mapigano yakasimama, na tulibishana pia, sana tu.

Wengine niliwaandikia hawakujibu. Namba zao sijafuta, ila shida ya usiku siwapelekei tena.

Mama usimsubiri aulize, yeye akisikia Israel kwenye redio anajua ni mlangoni kwako. Ukitoka handakini mtumie "nimetoka", inamtosha alale. Na wewe uko huko karibu na Gaza ambako roketi likitoka Gaza king'ora kinakupa sekunde 15 tu, kwa hiyo hiyo "nimetoka" nitumie na mimi, hata saa tisa usiku, nitajibu.