Bolti ya manifoldi imegoma

SWALI: Bolti moja ya manifoldi ya egzosi (bomba linalokusanya moshi kutoka kwenye injini) haizunguki, na pembe zake zimeanza kulika. Niunge bomba refu kwenye spana?

JIBU: Bomba liache. Bolti ya milimita 8 iliyoungua miaka kwa joto la egzosi hukatika kirahisi, na kipande kikibaki ndani ya silinda hedi (sehemu ya juu ya injini, ambako manifoldi hufungwa), kazi ya saa moja inakuwa ya siku mbili.

Injini ikiwa baridi, sugua kutu kwa brashi ya waya, nyunyizia mafuta ya kulegeza kutu, uyaache usiku kucha. Kesho yake gonga kichwa cha bolti kwa nyundo, wima, mara kumi hivi: mtikisiko hupasua kutu na mafuta yakapenya. Tumia boksi (soketi inayovikwa kichwa cha bolti) la pembe 6. La pembe 12 ndilo linalokula kona. Anza kwa kukaza kidogo, kisha fungua, robo mzunguko mbele na nyuma, ukiongeza mafuta. Ikilia kwiii, hiyo inakuja. Ikijipinda laini kama mpira, simama hapo hapo: inakaribia kukatika.

Ikigoma bado, pasha moto, lakini baada ya kufuta mafuta yote, tena kwenye chuma kinachoizunguka bolti. Hedi ya alumini usiisubiri iwe nyekundu, itayeyuka kabla.

Pembe zikiisha kabisa, mwambie fundi wa kuchomelea aunge nati juu yake, aifungue ingali moto. Rudishia bolti mpya.