Makosa ya mchana yasingoje sala ya jioni

Mpendwa Mama wa Watatu, Busia,

Umeniandikia kwamba kila siku saa tatu usiku, baada ya chakula, mume wako huwakusanya watoto kwa rozari nzima, kisha hufuata mawaidha yake mpaka saa nne. Kwamba mdogo wa miaka 5 hulala mkekani kabla ya tendo la pili, na kijana wako wa miaka 13 amekwambia waziwazi kuwa sala za nyumbani zinamchosha. Unauliza umlazimishe au umwache.

Nimeisoma barua yako mara mbili, nikakwama pale ulipopita haraka, uliposema kwamba mawaidha hayo huanza na sukari iliyopungua mkebeni na alama za mtihani wa hesabu. Hapo ndipo penye donda, dada yangu. Mtoto anayejua kwamba baada ya kuitikia "Amina" atasomewa mashtaka mbele ya wadogo zake hawezi kuipenda sala hiyo, hata ingekuwa ya dakika tano. Zungumza na baba watoto mkiwa wawili tu, umwombe kwa upole kwamba makosa ya mchana yamalizwe mchana, na mkosaji aitwe kando.

Muda nao mpunguze. Tendo moja, yaani Salamu Maria kumi, linawatosha siku za kazi. Rozari nzima iwekeni Jumapili na mwezi wa Oktoba. Salini kabla ya kula, maharagwe yakiwa bado jikoni, kwa sababu mtoto aliyeshiba posho saa tatu usiku ameshalala nusu. Mdogo ashike rozari na kuhesabu punje kwa vidole vyake (akifika kumi na mbili, Bikira Maria hatanung'unika), na wa kati asome Injili ya siku.

Kijana mpeni kusimulia. Atafute habari za Kizito, mmoja wa Mashahidi wa Uganda, aliyekuwa na miaka ipatayo 14, karibu rika lake, alipobatizwa na shahidi mwenzake Karoli Lwanga huko Munyonyo mwezi Mei 1886, siku chache kabla ya kuchomwa moto Namugongo tarehe 3 Juni. Awasimulie wadogo zake kwa maneno yake mwenyewe, kwa Kiswahili au kwa Kisamia, na akiuliza kwa nini Mungu hakumwokoa mtoto yule, baba asimkemee. Ajibu analolijua, na asilolijua akiri kwamba halijui, wampelekee katekista pamoja.

Kuhusu kulazimisha: aketi nanyi kama anavyoketi nanyi kwenye chakula, lakini siku asiyotaka kufungua kinywa, mwacheni asikilize.

Anzeni wiki ijayo, ili upate siku kadhaa za kuzungumza na mume wako kwanza. Sukari, kwa sasa, ipandishe juu ya kabati.

Wako,
Shangazi